Nalipwa juu ya kima cha chini: basi nyongeza yangu itoke wapi?

SWALI: Nafanya kazi kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam, upande wa uzalishaji, kwa mkataba wa kudumu. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 320,000 na haujasogea tangu mwishoni mwa 2021. Tuliposikia kima cha chini kipya ni 358,322, tulikwenda wenzangu na mimi kwa afisa rasilimali watu. Akatujibu kwamba hiyo haituhusu, kwamba sisi tayari tunalipwa juu ya kima cha chini cha viwanda na kampuni haina wajibu wa kuongeza hata senti. Halafu kila mwezi nakatwa 6,400 ya chama cha wafanyakazi ilhali sijawahi kujaza fomu yoyote. Hivi mshahara wetu unapangwa na nani? Na kukatwa huko ni halali?

JIBU: Dada yangu, afisa wenu amesema kweli kwenye jambo moja na jingine amelinyamazia. Ni kweli kwamba sheria ya kima cha chini haimlazimishi kukuongezea. Alilonyamazia ni kwamba, kama hayo makato yako ni halali, basi kampuni ina wajibu mwingine kabisa: kukaa mezani na chama na kujadili mishahara yenu kwa nia njema. Makato unayoyaona kama dhuluma huenda ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote mlio nao. Nitayafikia. Kwanza tuimalize hiyo 358,322, maana imewachanganya wengi.

Namba hiyo ni wastani. Serikali ilipotangaza Oktoba 2025 amri mpya ya mshahara kwa sekta binafsi, ya kuanza kutumika 1 Januari 2026, redio na magazeti yalibeba namba moja kwa sababu namba moja inasomeka vizuri kwenye kichwa cha habari. Amri yenyewe haina namba moja. Ni jedwali, kila sekta na mstari wake, na ndani ya sekta nyingine mna madaraja. Tazama amri iliyotangulia, ya 2022: taasisi za fedha zilipewa 592,000 kwa mwezi, biashara na viwanda 150,000, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake 60,000. Wastani wa namba kama hizo haumhusu karani wa benki wala dada wa kazi. Kwa hiyo itafuteni amri mpya kwenye Gazeti la Serikali, msome mstari wa viwanda. Mstari huo ulikuwa 150,000. Ili ukufikie wewe ingebidi upande zaidi ya mara mbili. Kama haukupanda hivyo, hapo afisa yuko sahihi.

Inafaa ujue pia jedwali hilo linatengenezwaje, kwa sababu ndiyo inaeleza kwa nini huwa chini. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 imeweka bodi za mishahara za kisekta, ambamo waajiri na wafanyakazi wana wawakilishi wao. Bodi inachunguza na kupendekeza, Waziri mwenye dhamana ya kazi ndiye anayetoa amri. Sheria inaitaka bodi iangalie gharama za maisha na kiwango cha chini cha mtu kujikimu, lakini hapohapo iangalie uwezo wa waajiri kuendelea na biashara, hali ya biashara ndogo na za kati, na kutoua ajira. Vigezo hivyo vinavutana. Matokeo yake, namba inayotoka ni ile ambayo hata kiwanda kidogo kinachohema kwa shida kinaweza kuibeba, kwa sababu kinawekwa mstari mmoja na kiwanda chenye mashine mpya na wateja nje ya nchi. Bodi haijui kiwanda chenu kilipata faida kiasi gani mwaka jana, wala si kazi yake kujua.

Na haiketi kila mwaka. Amri za karibuni ni za 2010, 2013, 2022 na 2025. Kati ya 2013 na 2022 ilipita miaka tisa, na mstari wa viwanda ukatoka 115,000 kufika 150,000. Mtu anayengoja amri ya Waziri impandishie mshahara anaweza kungoja mpaka mtoto wake amalize shule ya msingi.

Jambo jingine linalochanganya ni Mei Mosi. Yale matangazo ya uwanjani, kama lile la Singida mwaka 2025 ambapo kima cha chini kilitoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, ni ya watumishi wa umma. Mfanyakazi wa kiwandani anapiga vigelegele, kisha mwisho wa mwezi anaona mshahara uleule na kudhani ameibiwa. Hata kwa watumishi wenyewe, kungoja tangazo si njia ya haraka. Mwaka 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilidai kima cha chini cha 315,000 na kutishia mgomo wa nchi nzima. Rais Kikwete alilikataa dai hilo hadharani. Kima cha chini cha serikali kiliivuka namba hiyo Julai 2022, kilipopandishwa kutoka 300,000 hadi 370,000.

Basi kima cha chini ni sakafu. Sheria inazuia mtu asilipwe chini yake, na aliyelipwa chini yake anaweza kwenda kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akadai tofauti yote. Juu ya sakafu, sheria ya Tanzania Bara haina kifungu kinachosema mfanyakazi wa sekta binafsi apate nyongeza kila mwaka, wala kinachosema mshahara ufuate mfumuko wa bei. Wengi hushtuka wakisikia hivi. Mwajiri hawezi kushusha mshahara wako bila ridhaa yako, lakini kuuacha palepale miaka minne anaruhusiwa, isipokuwa kuna makubaliano yanayomzuia.

Makubaliano hayo yanaweza kuwa ya mtu mmoja mmoja: unamwendea bosi, unaeleza kazi yako, anakubali au anakataa. Fundi mkuu ambaye mashine ikizimika yeye peke yake ndiye anayeiwasha ana nafasi nzuri ya kupata kitu kwa njia hiyo. Walio kwenye mstari wa uzalishaji, ambao kila mmoja ana watu kumi getini wanaotaka nafasi yake, hawana. Kwao njia iliyobaki ni majadiliano ya pamoja na kile wafanyakazi wanachokiita mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi. Hapo ndipo 6,400 yako inapoingia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inaruhusu makato ya aina mbili kwa ajili ya chama. Ya kwanza ni ada ya uanachama, ambayo haikatwi bila mfanyakazi mwenyewe kujaza na kusaini fomu. Ya pili ni ada ya uwakala, na hii hukatwa kwa asiye mwanachama hata kama hakusaini chochote. Mantiki yake ni kwamba chama kikijadili mshahara, asiye mwanachama naye ananufaika, basi achangie. Vyama vingi hutoza asilimia 2 ya mshahara, na asilimia 2 ya 320,000 ni hiyo 6,400 kamili, kwa hiyo nadhani unakatwa ada ya uwakala.

Lakini ada hiyo ina masharti. Chama lazima kiwe kimetambuliwa kuwa ndicho wakala pekee wa majadiliano mahali hapo, maana yake zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika ni wanachama wake. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi ya ada ya uwakala kati ya chama na mwajiri. Ada isizidi ile anayolipa mwanachama. Fedha ziwekwe kwenye akaunti yake tofauti na zitumike kutetea maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini, si kuchangia chama cha siasa. Na asiye mwanachama asilazimishwe kujiunga.

Hivyo kuna mawili. Kama hakuna makubaliano hayo, au chama hakina wengi, makato si halali na unaweza kuyapeleka CMA udai yarudishwe. Kama yapo, basi mwajiri wenu ameshasaini karatasi inayokiri kwamba chama hicho ndicho wakala wenu, na aliyekitambua chama anabanwa na kifungu kinachofuata kile cha utambuzi: wajibu wa kujadiliana kwa nia njema. Hawezi kukiri wakati wa kukata mishahara halafu akasema hana wa kuzungumza naye wakati wa kuongeza.

Hapo nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Chama hicho kimejadili nini tangu 2021? Kuna matawi ambayo makubaliano ya ada ya uwakala yalisainiwa wiki ya kwanza na mkataba wa hali bora ukasahaulika, viongozi wakitosheka na makato yanayoingia. Kama ndivyo ilivyo kwenu, hasira zako ziko mahali pake, ila dawa yake si kukaa nje ukilalamika. Kwa sasa wewe unalipa sawa na mwanachama, lakini huna kura ya kumchagua mwakilishi wala ya kuukubali au kuukataa mgomo. Tena idadi ya wanachama ikishuka chini ya nusu, mwajiri anakipa chama notisi ya miezi mitatu kirudishe wingi wake, kikishindwa anakiondolea utambuzi, na mlango wa majadiliano unafungwa. Wanaolipa uwakala hawahesabiwi kwenye wingi huo. Kila anayesema "mimi si nalipa tu, inatosha" anauweka mlango huo rehani. Jaza fomu ya uanachama. Kisha dai uchaguzi wa tawi. Sheria inatoa wawakilishi 10 mahali penye wanachama 21 hadi 100, na 15 wakizidi mia, na palipo na wafanyakazi zaidi ya mia ambapo wanawake wapo, angalau watano kati ya hao wawakilishe wanawake. Ni nafasi nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi ziko wazi.

Ikitokea kwamba chama hakijatambuliwa, njia ni fupi kwa maneno na ndefu kwa miguu. Mnaandikisha wanachama mpaka mvuke nusu ya kundi lenu. Wakubwa wa menejimenti hawahesabiwi kwenu, maana sheria hairuhusu wawe chama kimoja na nyinyi. Chama kinamwandikia mwajiri kwa fomu maalumu. Ana siku 30 za kukutana nacho ili wakubaliane juu ya utambuzi. Akikaa kimya au akikataa, suala linakwenda CMA kwa usuluhishi, na likishindikana huko linaamuliwa na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Anayekufukuza au kukuhamisha kwa sababu ya kuandikisha watu anavunja sheria waziwazi. Hata hivyo andikisheni wakati wa mapumziko na nje ya zamu, msimpe sababu ya kusema mliacha mashine.

Sasa tuingie ndani ya chumba cha majadiliano, kwa sababu hapo ndipo mishahara inapopangwa na ndipo wafanyakazi wengi wanapopoteza kwa kutojiandaa.

Kosa la kawaida ni kuingia na neno "maisha magumu". Mwajiri atakubaliana nanyi kabisa, atatikisa kichwa, atasema hata kwake ni magumu. Ingieni na hesabu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa mfumuko wa bei: wastani wa 2022 ulikuwa asilimia 4.3, wa 2023 asilimia 3.8, wa 2024 asilimia 3.1. Ukizipandanisha, mwaka juu ya mwaka, bei za 2024 zilikuwa juu ya zile za 2021 kwa kiasi cha asilimia 11.6. Kwa hiyo 320,000 ya 2021, ili inunue vitu vilevile mwaka 2024, ilitakiwa iwe kama 357,000, na hapo 2025 sijaigusa. Hiyo bado si nyongeza, ni kurudishiwa kilichopungua. Nyongeza ya kweli inaanzia juu ya hapo, na ndiyo mnayopaswa kuitetea kwa tija: tani ngapi mnazalisha kwa zamu sasa na mwaka ule zilikuwa ngapi, mashine ngapi zinasimamiwa na mtu mmoja.

Takwimu za uzalishaji na mauzo anazo mwajiri. Sheria inampa chama kilichotambuliwa haki ya kudai taarifa zinazohusiana na majadiliano. Ana mipaka yake: hatoi siri ambayo ikitoka itaidhuru biashara vibaya, wala taarifa binafsi za mfanyakazi bila ridhaa yake. Lakini anayesema "kampuni haina uwezo" ameifungua hoja hiyo mwenyewe, na mnaweza kumwambia aonyeshe. Andikeni barua mapema mkitaja mnachotaka: jumla ya mishahara kwa mwaka, idadi ya wafanyakazi kwa madaraja, mwenendo wa mauzo. Akikataa bila sababu, kukataa kwenyewe kunakuwa hoja mbele ya msuluhishi.

Halafu jihadharini na posho. Huu ndio ujanja ninaouona mara nyingi kuliko wote, na si lazima uwe na nia mbaya. Mnadai 40,000, mwajiri anakubali haraka kuliko mlivyotarajia, anaiita posho ya nyumba au ya usafiri. Watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba malipo ya saa za ziada, ya kazi siku ya mapumziko au sikukuu, ya kazi ya usiku na kiinua mgongo vyote vinahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Piga hesabu ya saa za ziada peke yake. Wiki ya kawaida ni saa 45, na kwa kanuni ya sheria mwezi unatoa saa 195. Kwa 320,000 saa moja ni 1,641, na saa ya ziada, ambayo ni mara moja na nusu, ni 2,462. Kwa 360,000 saa ya ziada inakuwa 2,769. Anayefikisha saa 50, ambazo ndizo kikomo kwa wiki nne, anapata 138,462 badala ya 123,077, tofauti ya zaidi ya 15,000. Kwa hiyo 40,000 iliyoingia kwenye mshahara wa msingi inamletea mtu wa zamu zaidi ya 55,000. Ikiitwa posho, ni 40,000 tu, na ukipunguzwa kazini kiinua mgongo chako cha siku saba kwa kila mwaka bado kinahesabiwa kwa 320,000. Mwajiri ana mhasibu anayeyajua haya. Tawi lenu nalo liwe na mtu mmoja mwenye kikokotoo na subira.

Wakati mwingine posho inafaa. Kama nauli ndiyo inayowaumiza waliohamia Chamazi na Mbagala, basi la kampuni linaweza kuwa na thamani kuliko fedha. Ila mchague mkijua.

Kuna mambo mengine ya kuweka mezani ambayo hayamgharimu mwajiri sana leo na yanawafaa sana kesho: ngazi za mishahara zilizoandikwa, ili mwenye miaka minane asilingane na aliyeingia jana, tarehe maalumu ya kila mwaka ya kupitia mishahara, na kanuni ya kuifungamanisha nyongeza na mfumuko wa bei. Binafsi, nikilazimishwa kuchagua kati ya asilimia 3 ya ziada mwaka huu na kifungu kinachosema "mishahara itajadiliwa upya kila Januari", nitachukua kifungu.

Nia njema maana yake si kukubali. Mwajiri anaweza kusema hapana siku nzima na akawa hajavunja sheria. Kinachokatazwa ni kuchezea majadiliano: kutuma mtu asiye na mamlaka ya kuamua, kuahirisha vikao bila sababu, kuwapita wawakilishi na kuwaita wafanyakazi mmoja mmoja awaahidi nyongeza, au kuleta pendekezo ambalo mtu yeyote mwenye akili anaona limeletwa ili likataliwe. Wekeni muhtasari wa kila kikao, usainiwe na pande zote. Karatasi hizo zitasema kwa niaba yenu mbele ya CMA.

Mkikubaliana, mkataba uandikwe na usainiwe. Unaanza kufunga siku ya saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe umetaja tarehe nyingine, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Unamfunga mwajiri, wanachama, na pia wasio wanachama wa kundi hilo, kwa kuwa chama ndicho wakala wa wote. Hautegemei huruma ya meneja mpya: akija mwingine kesho anaukuta. Ukivunjwa, mgogoro unakwenda CMA kwa usuluhishi, kisha mahakamani, na safari hii mnadai kitu kilichoandikwa.

Hapa pana tofauti inayowagharimu watu nauli za bure. Madai ya haki, kwa mfano hukulipwa saa za ziada au mkataba umevunjwa, yana mwamuzi: kuna sheria au karatasi, naye anaisoma na kuamua. Madai ya maslahi, yaani kutaka kitu ambacho bado hakijaandikwa popote, hayana mwamuzi wa namna hiyo. Hakuna hakimu atakayetamka kwamba unastahili 360,000. CMA itawasuluhisha tu, na kama hamkukubaliana wenyewe kupeleka jambo kwa mwamuzi, nguvu inayobaki ni mgomo, au tishio lake.

Mgomo halali una ngazi zake na ukiruka moja umeharibu yote. Mgogoro uwe wa maslahi. Uwe umepelekwa CMA na siku 30 za usuluhishi zimepita bila mwafaka. Chama kipige kura kwa mujibu wa katiba yake na wengi wa waliopiga wakubali. Mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mkifuata hivyo, hawezi kuwafukuza kwa kugoma wala kuleta vibarua wa kushika nafasi zenu, ingawa halazimiki kuwalipa siku mlizogoma. Mkisimama tu getini asubuhi kwa sababu mmechoka, hamna kinga hata moja kati ya hizo. Hata wakubwa hujikwaa: mwaka 2012 mgomo wa walimu wa nchi nzima ulizimwa na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kwa kuonekana haukufuata sheria.

Kuna pingamizi mnalopaswa kulitarajia. Sheria inazuia mgomo juu ya jambo ambalo tayari linasimamiwa na mkataba mliosaini, na pia juu ya jambo linalosimamiwa na amri ya mshahara katika mwaka wake wa kwanza. Amri mpya imeanza Januari 2026, kwa hiyo wakili wa kampuni anaweza kusema mwaka huu hamruhusiwi kugomea mshahara. Jibu lenu ni kwamba amri inasimamia sakafu, nyinyi mnajadili kilicho juu yake, na sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba ulio bora kuliko amri. Naiona hoja hiyo kuwa nzuri, lakini mwanasheria wa chama aipitie kabla hamjapiga kura, si baada. Kwa vyovyote kujadiliana hakujazuiwa, na mikataba mingi niliyoona ilisainiwa CMA au siku chache kabla ya notisi kuisha, pande zote zikiwa zimehesabu gharama ya siku moja ya mashine kulala.

Ukisoma mitandaoni mambo ya wenzetu wa Kenya, usiyachanganye na haya. Kule mkataba wa aina hii husajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na ndipo unapoanza kutekelezeka. Kwetu Kamishna anapokea nakala. Zanzibar nako wana sheria zao za 2005, kwa hiyo ndugu zako walioko kwenye hoteli za Nungwi wasitumie vifungu nilivyovitaja hapa.

Kwa wiki hii, chukua hati zako za mshahara uone neno lililoandikwa mbele ya 6,400. Kisha mwandikie afisa barua fupi, nakala kwa katibu wa tawi, ukiomba vitu vitatu: nakala ya makubaliano ya utambuzi, nakala ya makubaliano ya ada ya uwakala, na nakala ya mkataba wa hali bora unaotumika sasa au jibu kwamba haupo. Hakikisha barua imegongwa muhuri wa kupokelewa na ubaki na yako. Wakikosa kuonyesha makubaliano ya uwakala, kumbuka CMA ina muda: migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60, na kuifungua hakulipiwi. Wakiyaonyesha, peleka karatasi hiyo kwenye mkutano wa tawi na uwaulize viongozi tarehe ya kikao cha kwanza cha majadiliano.